Kalenga na Kona ya Ine

Kalenga alicheka bitambaa byangu. Njo vile mambo yote ilianza.

Mu salon yangu kila kintu iko na kitambaa yake ya kroshe, ya kufumwa na uzi. Bifotee, bile biti bikubwa, iko nayo ku mugongo na ku mikono. Televizio iko nayo. Redio ya marehemu bwana yangu Mulongo, yenye ilikufa mbele ya yeye mwenyewe kufa, ilikuwa nayo pia, mpaka niliitosha pale juu kwa kuifula na sabuni. Hii kazi nilifundishwa na bamasere, basista ba ku misioni, zamani, kisha kuacha masomo ku mwaka ya tatu ya primaire. Kusoma nilisahau kidogo. Kroshe sikusahau.

Sasa siku ya kugonga mulango, ni kusema ya kuposa, Kalenga alikuya kutafuta mujukuu wangu Sephora. Mama ya Sephora, ni kusema mutoto wangu, anauzisha samaki kule Bukama, na mutoto nilimulea minyi tangu alikuwa anatambaa. Kalenga alikuya na baba yake Ambroise, mashiniste ya treni mwenye alishaka kuingia pensheni, na rafiki yake Maurice. Bote tatu ni bantu ya reli. Kalenga na Maurice biko bafungaji ba wago, mabehewa ya treni, kule ku gare: wago inakuya, banaiunga na ingine, banaenda.

Baliikala. Kalenga aliangalia salon, akainama ku sikio ya Maurice, akasema pole:

"Mu hii nyumba bintu inavaa kupita bantu."

Maurice alikohoa juu asicheke. Minyi nilikuwa karibu na mulango wa jikoni. Magoti yangu ni ya zamani, lakini masikio ingali mupya.

Kwetu, babwana njo banasema mambo ya mahari. Bamama banaikala. Lakini pa mwisho kabisa banauliza kambo mwanamuke, ni kusema nyanya ya mutoto: na weye unataka nini? Juu mwenye anaoa mujukuu wangu anakuwa bwana yangu pia, na Sephora ni mbanda wangu, muke-mwenza. Ni masheka ya kwetu, mizaha ya kambo na mujukuu. Siku ya ndoa naikala pa kiti yangu kidogo katikati ya mulango, na hakuna mwenye kupita na muke mpaka nipate kile nililomba. Bengine banalomba kuku. Bengine kitenge. Kambo moja wa avenii yetu alilomba bwana acheze ngoma peke yake, na alicheza.

Ndugu yangu Lumbu, mwenye alikuwa anasemea familia, aliniuliza: "Yaya, na weye?"

Bote balikuwa bananingojea kusema kuku.

Nikasema: "Minyi nataka kitambaa moja ya kroshe. Kona ine. Bwana yangu ataifanya na mikono yake mwenyewe. Mama yake, dada yake, marafiki, hakuna mwenye kugusa."

Balicheka mpaka Mzee Ambroise aliletewa maji ya kunywa. Kalenga hakucheka. Alipiga mikono pole, sawa vile Baluba banafanya mbele ya mukubwa, akasema: "Eyo vidye, kambo." Ni ndiyo ya heshima.

Nikamupa Jumapili ya ndoa: "Siku ya Mungu ya ine, wakati mutakuya na familia yote. Kama kona haiko ine, sitasimama pa kiti yangu kutoka pa mulango."

Lumbu aliniangalia. Alikuwa anajua kama minyi nikisema neno mbele ya bantu, sirudilie nyuma. Ni ubaya yangu, naijua.

*

Kalenga alikuwa anakuya kisha kazi, nyuma ya jikoni, pale bahindi yangu ya kusaga inakauka. Kukuya kwa mbele alikataa. Alisema bantu batamuona.

Mikono yake. Ile kulabu ya wago iko sawa mukono wa mutoto, na yeye anaibeba kutwa nzima. Nilimupa kroshe yangu, sindano ndogo ya kulabu, akaishika na ngumi, sawa mutu anataka kuchinja.

"Polepole," nikamwambia. "Haitakimbia."

Nilimuonyesha: unapitisha kroshe mu kitanzi, unakamata uzi, unavuta. Iko maye moja. Unarudilia, maye mbili. Aliangalia mara tatu, kisha uso yake ikafunguka.

"Kambo, hii ni kuunga wago."

"Eyo. Kazi ni ile ile. Kulabu, kuvuta, kufunga."

Mu saa moja alifanya munyororo murefu kufika ku mulango wa choo. Lakini alikaza kila maye mpaka kroshe haikuweza kuingia tena mule ndani.

"Bwana yangu, weye unafunga sawa treni inaenda Lubumbashi. Hii uzi inaenda paka ku televizio tu."

Alifungua yote, akaanza tena. Pale nikamwambia neno moja, na nakumbuka muzuri nililisema mara mbili: "Fasi yenye hauoni, uliza."

"Naona, kambo."

"Haya."

Siku ya pili nilimufundisha kurudi. Ukifika pa mwisho ya mustari, unapandisha maye tatu bure, juu, sawa ngazi. Kisha unageuza kitambaa, unaruka maye ya kwanza, unaendelea. Ile tatu ya kupanda inasimama fasi ya maye ya kwanza.

"Njo lokomotive," Kalenga akasema. "Inaenda mbele, zingine zinafuata."

"Sema vile unataka. Anza na makumi ine."

Sasa musikilize vile alikosa, juu hii kosa hakuna mwanamuke moja wa Kamina angeweza kuifanya. Alifanya mustari ya kwanza, muzuri. Alipandisha lokomotive yake, akageuka, akafuata maye zote moja kwa moja, mpaka akafika pale mwisho, ku lokomotive ya mustari ya chini. Nilikuwa naangalia kidole yake. Ilifika pale, ikasimama, ikarudi. Hakutia maye juu yake. Aliiacha bure, akapandisha ingine, akageuka.

Minyi nilielewa palepale. Mu kazi yao, mutu akihesabu wago, lokomotive haiingii mu hesabu. Na muzigo hauwekwe juu ya lokomotive. Wago njo inabeba. Kwa hiyo kila mustari alikuwa anaacha maye moja nyuma. Kitambaa ilianza na makumi ine, ikaenda inapunguka, moja huku, moja kule, sawa dari ya nyumba, paa yenye kuchongoka.

Yeye aliona pia. Alihesabu na kidole, midomo inatembea. Alikunja uso. Akafungua mistari mbili, akafanya tena, akahesabu tena.

"Kiko nini, bwana yangu?" nikauliza.

"Bule, kambo. Hakuna kintu."

Nikarudi ku bahindi yangu.

Mutasema minyi ni mubaya. Ngojeni kwanza niwaeleze juu ya Mulongo. Bwana yangu alikuwa muntu muzuri, na hakunipiga hata siku moja. Lakini kuuliza hakukuwa mu kinywa yake. Kulikuwa kilio kule Katoto, tukatoka Bukama na kinga, ni kusema baisikeli, yeye anakanyaga, minyi nyuma na mutoto mu mugongo na kuku mu mikono. Njia ilimupotea asubui. Tulipita bijiji tatu. Kila kijiji alisimama, akasalimia bantu muzuri, akauliza habari ya mashamba, ya mvua, ya batoto. Njia hakuuliza. Wakati tulifika Katoto, bale ba kilio balishaka kwenda kwabo na benye nyumba balikuwa banafula masufuria. Kuku mwenyewe alikuwa ananihurumia.

Nilivumilia ile miaka makumi tatu. Nilimupenda na ile ubaya yake. Lakini kwa Sephora nilikuwa nataka mwanaume mwenye anaweza kusema: sijui, nionyeshe. Kama hawezi kuisema kwa kambo mwenye kumuchekelea, ataisema kwa muke wake? Njo ile nilikuwa nangojea. Na minyi najua kungojea.

*

Juma ya pili, mambo ya uzi ikatokea.

Kalenga alikuwa nyuma ya jikoni, alishaka kufanya mistari kumi na mbili, yenye kupunguka vilevile. Maurice akaita toka ku avenii, njia ya mbele: "Kalenga! Banasema uko huku. Kuya tuende kuangalia mupira."

Kalenga aliruka. Aliingiza kitambaa chini ya shati, kroshe mu soksi, akapangusa mikono ku suruali, akatoka mbio sawa muntu mwenye alikuwa anasalimia tu. Peloti, donge ya uzi, ilibakia mu beseni, pa miguu yangu.

Ikaanza kuruka. Kidogo, sawa chura. Uzi ilikuwa inatoka mu beseni, inapita pembeni ya jikoni, inaenda.

Ningeweza kumuita. Nilifungua kinywa, hata. Kisha nikainama, nikageuza beseni muzuri juu uzi isikwame.

Ile ingine nilielezwa na Mireille, mwenye anauzisha mikate ya mafuta pa kona. Alikuwa anageuza mikate, akaona uzi nyeupe inapita mbele ya karai yake. Aliangalia huku, akaangalia kule. Mireille ni muntu wa kupenda kujua. Alishika uzi na bidole mbili, akavuta.

Mbele yake, Kalenga alikuwa anatembea na Maurice, anasema mambo ya goli. Alisikia kintu inamutekenya ku tumbo. Akajikuna. Mireille akavuta tena. Kalenga akajikuna tena. Mireille akaona inakuya muzuri, akavuta na mikono mbili, sawa muntu anatosha ndoo mu kisima, na batoto bakakuya kumusaidia. Mustari ya kumi na mbili ikafunguka mu shati. Ya kumi na moja. Ya kumi. Maurice akasema: "Ndugu, juu ya nini unacheza?"

Wakati Kalenga alielewa, uzi yote ilikuwa imekusanyika pa miguu ya Mireille, na munyororo wa kwanza ulikuwa unatokea mu shati ya Kalenga, mbele ya avenii yote.

Kesho yake ku gare, balimuita Mama Kroshe. Mutu alifunga uzi mwekundu ku kulabu ya wago, na fundo ya kupendeza.

Sephora alikuya kwangu na uso ya moto. "Kambo, uliona uzi inaenda."

"Niliona."

"Na ulinyamaza."

"Mbanda wangu, na weye ulikuwa pa dirisha ya jikoni. Ulisema nini?"

Alitaka kubakia na kasirani. Alivuta midomo yake, akaangalia ku ukuta. Kisha mabega yake ikaanza kutikisika, tukacheka mpaka tukashikana. Wakati tuliacha kucheka, akasema pole: "Lakini kama hatarudia?"

Ile nilikuwa sikuifikiri.

*

Alirudia. Na alirudia kwa mbele. Alipita mulango wa lupango, uwanja ya nyumba yangu, akatosha kiti, akaiweka pa barza, uso ku avenii. Akatosha uzi mu saki, mufuko wake, akaanza munyororo mupya. Bantu balikuwa banapita, banapunguza mwendo.

Maurice naye akapita. "Mama Kroshe, habari ya nyumba?"

"Muzuri," Kalenga akajibu, bila kuinua kichwa. "Ikala nikufundishe. Ao mikono yako inaogopa?"

Maurice aliendelea na safari yake.

Pale roho yangu ikamupenda. Nilitaka kumwambia: bwana yangu, tia maye juu ya lokomotive. Neno tano tu. Nilikunywa maji.

Juma ya tatu, dari ya nyumba. Akafungua. Juma ya ine, dari ya nyumba. Alikuwa anahesabu, anafungua, anahesabu. Mikono yake ilishaka kujua. Maye zake zilikuwa sawasawa, laini, hata bamasere bangezikubali. Paka ile moja tu ya mwisho ilikosekana.

"Iko muzuri, bwana yangu?"

"Itakuwa muzuri, kambo."

Siku ya posho, ni kusema Jumamosi, Sephora alinikuta nasafisha samaki ya Kinkondja kwa chakula ya kesho. Hakuikala.

"Kambo, mwambie."

"Alisema anaona."

"Kesho familia yake yote itakuwa hapa. Mama ametoka Bukama, iko mu treni. Utasimama pa kiti ao hautasimama?"

"Nitahesabu kona."

"Weye ulinilea," akasema. "Nitakuheshimu. Lakini kama kesho unaikala pale juu ya uzi, sitaisahau."

Akaenda. Nilibakia na samaki mu mukono. Masheka yangu ilikuwa imenifunga minyi mwenyewe, na nilikuwa nimeikaza sawa treni ya Lubumbashi. Kama haulizi, kona ya ine haitoke, na siwezi kusimama, juu nilisema mbele ya bantu. Kama sisimami, napoteza mutoto. Nilikuwa nawekea Kalenga mutego, kumbe muguu wangu njo ulikuwa mule ndani.

*

Siku ya Mungu, lupango ilijaa. Bukari, ugali ya kwetu, ilikuwa imefunikwa, kuku tayari, munkoyo ya kunywa mu madumu. Babwana balimaliza mambo yabo. Niliikala pa kiti yangu katikati ya mulango. Sephora alikuwa nyuma yangu ndani, na kitenge mupya, nasikia pumuzi yake.

Lumbu akasema: "Yaya, na weye?"

Kalenga alipiga magoti, akanipa kintu mu karatasi. Nikafungua. Ilikuwa nyeupe, safi, imepigwa pasi.

Nikahesabu kwa nguvu, bote basikie. "Moja. Mbili. Tatu."

Nikaigeuza. Nikaangalia chini yake. Nikaangalia mu karatasi.

"Ya ine iko mu treni yenye inakuya?"

Bantu bakacheka. Maurice, muntu muzuri, akataka kumuokoa rafiki yake: "Kambo, ile ni ya kufunga ku kichwa. Ni mode mupya."

"Kweli," Mzee Ambroise akasema. "Niliona bamama banavaa vile."

Ilikuwa njia ya kutorokea, na ilikuwa wazi. Bantu balishaka kuanza kuitikia. Nikamuangalia Kalenga.

"Maurice, nyamaza," Kalenga akasema. "Baba, pole. Haiko ya kichwa." Akageuka kwangu, akiwa pa magoti, mbele ya baba yake na bajomba bote. "Kambo, nimeifungua mara saba. Kila mustari wago moja inapotea. Nahesabu, haiko. Sijui inapotea wapi. Nionyeshe."

Nyuma yangu, Sephora aliacha kupumua.

"Sogea hapa, bwana yangu," nikasema. "Hii maye tatu ya kupanda. Ukiifikia, unatia nini juu yake?"

"Bule. Ni lokomotive."

"Tia maye."

"Juu ya lokomotive?"

"Juu yake."

Pale Mzee Ambroise alisimama. "Mama, samahani. Lokomotive haihesabiwe pamoja na wago. Nimeendesha miaka makumi tatu na moja."

"Mzee, ku reli ni vile. Hapa kwangu mashiniste anahesabiwa pamoja na benye kula."

Alifikiri, akaikala pole. Akarudi kusimama. "Lakini basi uzito ya—"

"Baba," Kalenga akasema, "muache anionyeshe."

Nikamwambia afungue. Alivuta uzi mbele ya bote, dari ya nyumba ikaenda, ikaenda, mpaka ikabakia mustari moja ya chini. Nikamupa kroshe.

"Sasa mistari mbili zaidi. Nilisema kona ine. Ukubwa sikusema."

Njo vile siku ya ndoa ya Sephora bukari ilipoa. Hakuna mwenye kula wakati kambo iko pa mulango. Mzee Ambroise alishika peloti juu isiviringike. Lumbu alikuwa anahesabu kwa nguvu, na mara mbili alikosa, na mara mbili Kalenga alimurekebisha. Maurice alifukuza nzi ku kuku. Pa mwisho ya kila mustari, Kalenga alifika ku lokomotive, akasimama kidogo sawa muntu anavuka fasi ya hatari, akatia maye juu yake. Baba yake aligeuza uso.

Kisha akanipa. Ilikuwa murefu sawa mukono, na upana bidole tatu.

"Moja," nikahesabu. "Mbili. Tatu. Ine."

Nikasimama. Magoti ilisema mambo yao. Nikasogeza kiti pembeni. Sephora alipita karibu yangu, na mafuta muzuri na kitenge mupya, na pale mulangoni akainamisha kinywa ku sikio yangu.

"Kambo, weye ni mubaya."

"Eyo, mbanda."

Tulikula bukari ya baridi. Hakuna mwenye alilalamika, ni kusema hakuna mwenye alilalamika kwa nguvu.

Ile kitambaa iko ku redio ya Mulongo. Inafunika bifungo tu. Bageni banauliza ni nini, nawajibu ni reli.

Sephora na Kalenga biko muzuri. Banakuya kisha misa. Na kila siku ya ine, Alhamisi, Mzee Ambroise anakuya pia, peke yake, na saki yenye anasema ni mukate. Anaikala nyuma ya jikoni, pale bahindi inakauka, mugongo ku avenii. Anasema ni juu ya bidole tu, munganga alimwambia azifanyishe kazi. Kitambaa yake imeanza na maye makumi ine. Juma iliyopita nilihesabu kwa mbali: alishaka kufika makumi mbili na saba, na anakunja uso, na midomo inatembea.

Nilimwambia siku ya kwanza, mara mbili: fasi yenye hauoni, uliza.

Hajauliza bado. Minyi niko na wakati.